Familia ya watatu kutoka Mwanza, mara ya kwanza kwenye theluji Japani: tuanzie wapi?

Nyakato77

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja kwa wenye uzoefu, maana huku mtaani kila ninayemuuliza ananijibu theluji ipo Kilimanjaro, nikapige picha nirudi.

Tuko watatu: mimi, mama watoto, na kijana wetu wa miaka 11. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga theluji. Tunalenga Japani, popote kati ya mwisho wa Januari na Machi, siku 12 ukihesabu na za njiani.

Twende sehemu gani? Video zote zinaonyesha Niseko lakini bei za vyumba zinatisha. Je, tujifunze skii au ubao wa theluji? Kijana anataka ubao, mama yake hataki hata kusikia. Nguo tutafute hapa Mwanza au tukakodi kule? Na tukiweka kando ndege na malazi, mtu mmoja ajiandae na kiasi gani? Mke wangu anavaa hijabu na hatuli nguruwe, kama hilo linabadilisha chochote. Natanguliza shukrani.

Mtelezo

Mkuu Nyakato, Niseko ifute kwanza. Si pabaya. Umaarufu wake ni theluji ya unga, ile kavu na laini kama sembe iliyochekechwa, na hicho ndicho kitu ambacho mwanafunzi hana kazi nacho. Anayeanza anataka njia pana, ya mteremko mdogo, iliyosawazishwa na mashine usiku, ngumu kiasi cha kifaa kushika na kugeuka. Kwenye unga wa magotini skii zinazama, ukianguka mkono hauna pa kujisukumia, na kuitafuta skii moja iliyochomoka na kufukiwa kunaweza kula nusu saa. Unalipa pesa nyingi kwa kitu kinachokukwamisha.

Kwa nini theluji inamwagika kule namna ile, mtu wa Kanda ya Ziwa ataelewa haraka. Upepo mkavu wa baridi kali unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana joto kuliko hewa, unanyonya mvuke, kisha unagonga milima na kuushusha kama theluji. Ni hesabu ileile ya Bukoba: upepo wa mashariki unavuka ziwa letu, unabeba mvuke, na Bukoba inapata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza. Kule upepo unatoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo upande wa milima unaotazama Bahari ya Japani unafukiwa, huku Tokyo, iliyo nyuma ya milima, inaota jua. Msishangae mkitua Tokyo mkaona lami kavu.

Na mwinuko usiwatishe. Kilele cha mlima wa Niseko-Annupuri ni mita 1,308. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Yaani mnaishi karibu sawa na kilele chao. Pumzi hamtakosa, mtakosa joto tu.

Kwenu mimi naona sehemu mbili, zote mkoa wa Nagano:

Ya kwanza ni Tsugaike Kogen, ndani ya bonde la Hakuba. Chini yake kuna uwanja mpana mno wa mteremko mdogo. Mwanafunzi anaweza kugeuka kushoto na kulia bila kuogopa kingo. Msidanganyike na jina Hakuba peke yake, maana Happo-one iko bonde hilohilo, na ndiko zilikofanyika mbio za kushuka kasi za Olimpiki ya Nagano 1998. Huko si kwa mtu wa siku ya pili. Ya pili ni Nozawa Onsen, kijiji cha zamani chenye mabafu 13 ya umma ya maji moto ya chemchemi. Kwa maisha ya kijiji Nozawa inashinda. Kwa kujifunza, Tsugaike.

Kufika Hakuba: Tokyo hadi Nagano kwa Shinkansen, treni yao ya kasi, ni kati ya dakika 80 na 110 kutegemea treni, halafu basi la saa moja na ushee. Kufika Nozawa: mnashuka kituo cha Iiyama, basi dakika 25 hivi. Hapa wengi huumia: treni iitwayo Kagayaki haisimami Iiyama. Pandeni ile iitwayo Hakutaka. Na pasi ya reli ya nchi nzima isiwavutie. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipandishwa hadi yeni 50,000, wakati Tokyo–Nagano kwenda na kurudi haizidi sana yeni 17,000. Kijana wa miaka 11 analipa nusu nauli.

Tarehe: mkiweza, ingieni baada ya 23 Februari, ambayo ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme, na mtoke kabla ya katikati ya Machi. Baridi imelegea, theluji bado imejaa. Mkichelewa zaidi, asubuhi inakuwa barafu na mchana uji. Epukeni Mwaka Mpya wa Kichina (unahama kati ya 21 Januari na 20 Februari), 11 Februari ambayo ni sikukuu ya taifa, na Nozawa tarehe 15 Januari kwa sababu ya tamasha lao la moto. Jumamosi iwe siku ya mapumziko, maana wakazi wa Tokyo wote wanapanda milimani siku hiyo.

Kabari

Kuhusu skii au ubao, mama yuko sahihi kwa upande wake na kijana kwa wake. Msilazimishane.

Skii ni rahisi siku mbili za kwanza, halafu inakuwa ngumu. Ubao ni mateso siku mbili au tatu za kwanza, halafu unafunguka. Kwa siku tano za theluji, mtu mzima wa skii atashuka njia za kijani, zile rahisi kabisa, kwa raha siku ya tatu. Wa ubao siku ya tatu bado anakaa kitako zaidi ya anavyosimama.

Skii, somo la kwanza ni mkao wa kabari: ncha za mbele zikaribiane bila kupandana, visigino vifunguke nje, umbo la herufi A. Ukisukuma visigino nje unapunguza mwendo. Kosa la kila mtu ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma uzito unaondoka kwenye ncha, skii hazigeuki tena, na mwendo unaongezeka. Magoti mbele, miundi ibonyeze ulimi wa buti, mikono uione mbele yako kama umeshika sinia la chai.

Ubao, kinachoangusha ni ukingo wa upande wa bonde. Unateleza kiubavu, ubao ukilala bapa kidogo tu, ukingo wa chini unachoma theluji na unapigwa kisogo au uso kabla hujafikiri. Ndiyo maana helmeti si pambo, na vilinda viganja ni lazima kwa kijana. Mvunjiko wa kifundo cha mkono ndio jeraha la kawaida la ubao, kama goti lilivyo la skii. Afundishwe kuanguka amefumba ngumi na kupokea kwa mkono wote, asitandaze kiganja.

Kabla hamjasafiri, mjue mguu wake wa mbele. Avae soksi, akimbie hatua tatu kwenye vigae sebuleni na ateleze. Mguu anaoutanguliza mara nyingi ndio wa mbele. Aliambie duka. Kuanzia, mguu wa mbele nyuzi 15, wa nyuma nyuzi 6 hadi 9 kuelekea mkia wa ubao.

Dukani watawauliza uzito, urefu, umri na kiwango. Naona watu wazima wanapunguza kilo kwa aibu. Usipunguze. Kwa namba hizo fundi anapima nguvu ya kifungio kuachia buti. Ukijitaja mwepesi, skii inachomoka katikati ya kona bila sababu. Ukijisifu kwamba wewe si mgeni, kifungio kinakaza, unaanguka na hakiachii, na goti ndilo linalozunguka.

Lifti ya viti: sogea hadi alama, geuza kichwa nyuma, kaa kiti kikigusa magoti. Kufika juu inua ncha za skii, simama, nenda moja kwa moja, usisimame pale chini ya kiti kupiga picha. Wa ubao afungue mguu wa nyuma kabla ya kupanda. Nyingi za lifti za zamani Japani hazina kizuizi cha mbele, kwa hiyo simu isitoke mfukoni.

Sangara_mkavu

Mi napinga kidogo hoja ya Nagano. Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini, theluji haibadiliki badiliki, na si Niseko pekee iliyoko kule. Rusutsu, Furano na Tomamu zina njia safi za wanaoanza na hoteli iko miguuni mwa lifti. Mtoto akichoka anarudi chumbani mwenyewe.

Mtelezo

Mkuu Sangara, uko sawa kwa ubora. Ila hesabu siku zao 12. Mwanza–Dar, Dar hadi Ghuba au Addis, halafu Tokyo, halafu ndege nyingine hadi New Chitose (uwanja wa ndege wa Hokkaido), halafu basi la saa mbili au tatu. Ukiongeza na kurudi, siku mbili za theluji zimeliwa na viwanja vya ndege. Na Januari Furano baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 15 za hasi. Mtu anayeona Mwanza ikifika nyuzi 17 anatafuta sweta, tumpe ngazi ya katikati kwanza.

Nyakato77

Wabeja sana wakuu. Tumekubaliana Tsugaike, wiki ya mwisho ya Februari. Mama skii, mimi skii, kijana ubao. Sasa nguo. Nimeona waendesha boda wa Igoma wanavaa makoti yenye maandishi ya skii, yanatoka wapi hayo?

BeloLaKwanza

Yanatoka mitumba, mkuu. Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi siku za kufungua belo la makoti ya baridi, uliza makoti ya boda. Hapo kuna hazina ambayo Japani ungeikodi kwa yeni 3,000 hadi 5,000 kwa siku, kwa kila mtu. Lakini ujue kuchagua, maana koti zito si lazima liwe koti la theluji.

Kwanza puliza. Weka mdomo kwenye kitambaa upande wa nje, upulize kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi hadi kwenye kiganja upande wa pili, litapitisha upepo. Acha. Pili, geuza ndani nje uangalie mishono, hasa mabegani na kofiani. Koti halisi lina utepe laini uliobandikwa juu ya kila mshono. Ukiukuna kwa ukucha ukainuka kama ngozi iliyoungua na jua, gundi imekufa. Maji yatapita hapohapo hata kama kitambaa kizima. Tatu, mimina maji kidogo kutoka chupa ya Uhai, subiri dakika mbili. Yakitengeneza matone na kubiringika, safi. Yakilowesha kitambaa juu lakini ndani pakavu, bado linafaa: lioshe kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, suuza sana, likikauka pitisha pasi ya moto mdogo juu yake ukiweka kitambaa chembamba katikati. Ile tabia ya kukataa maji hurudi kwa kiasi. Ndani pakilowa, mwachie mtu wa boda.

Nne, tafuta ndani ya koti, usawa wa kiuno, kile kipande chenye lastiki kama sketi fupi. Kinazuia theluji kupanda mgongoni ukianguka. Kama hakipo, suruali iwe ya kupanda hadi kifuani yenye mikanda ya mabegani. Kwenye lebo kipimo cha kuzuia maji kikiandikwa 10,000 mm au zaidi, chukua. Saizi iache nafasi ya fulana moja na sweta la manyoya ya sintetiki ndani, si zaidi. Puto la hewa kubwa mwilini halipashi joto, linazungusha baridi.

Suruali za theluji huwa chache kwenye belo, na wauzaji wengi hawajui ni nini, wanazipanga na ovaroli. Angalia chini ya mguu: lazima kuwe na mguu wa pili wa ndani wenye lastiki, unaovaliwa juu ya buti.

Vitu ambavyo msinunue mitumba hata vikiwa vinang'aa: helmeti, buti, miwani. Helmeti ikishapigwa mara moja povu la ndani limebonyea bila kuonekana nje. Buti za zamani, plastiki ya soli huoza yenyewe kwa unyevu hata zikiwa zimehifadhiwa, unakuja kukanyaga siku ya kwanza soli inabaki kwenye theluji. Miwani iliyochakaa, kioo cha tabaka mbili kikishavuja hakiachi kupata ukungu.

Ndani ya mwili: pamba ni adui. Fulana ya pamba inakunywa jasho ukipanda, ukikaa kwenye lifti inageuka kitambaa cha barafu mgongoni. Nunueni sintetiki ya michezo, zile jezi za mikono mirefu zinatosha, au sufu ya merino mkiiona. Soksi moja ndefu hadi chini ya goti. Moja. Mkivaa mbili, zinajikunja, zinabana damu, na miguu inaganda haraka kuliko ukivaa moja. Na suruali ya ndani isiingie ndani ya buti. Ikiingia, pindo lake litakuchapa mfupa wa mguu hadi ushindwe kutembea siku ya pili, na watu wanasingizia buti.

Glavu mbili kila mtu, kwa sababu jozi ya kwanza italowa saa sita mchana. Hoteli nyingi za skii zina chumba cha kukaushia. Wekeni buti na glavu humo kila jioni, msizitundike bafuni.

Kabari

Ongezeo kwenye miwani, maana hapo ndipo asubuhi nyingi zinaharibika. Msiipandishe kwenye paji la uso mkiwa kwenye foleni. Jasho la kichwa linaingia ndani na ukungu hautoki. Iacheni usoni au ivueni kabisa. Ikilowa ndani, usiifute, ina dawa inayotoka kwa kusugua. Itikise, iache ikauke. Siku ya theluji inayoanguka chagua kioo cha waridi au njano, maana kwa kioo cheusi mabonde na matuta yote yanakuwa rangi moja na unakanyaga hewa.

Ukubwa wa miguu: Japani wanapima buti kwa sentimita. Simama kisigino kikigusa ukuta, karatasi chini, weka alama kwenye kidole kirefu, pima. Fanya jioni mguu ukiwa umevimba. Mkuu kama mguu wako unazidi sentimita 30, waandikie duka la kukodi mapema, saizi hizo huwa chache. Buti sahihi ya skii: ukisimama wima vidole vinagusa mbele, ukikunja magoti vinarudi nyuma kidogo, kisigino hakinyanyuki. Vifungo vya chini vilegee, vya juu vikaze.

Dada_Isamilo

Kaka Nyakato, pole na orodha ndefu, mimi niongelee karatasi, dawa na pesa.

Viza: Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji, na inaombwa ubalozi wa Japani Dar es Salaam. Wanataka ratiba ya siku kwa siku (andika jina la hoteli kila usiku, hata ule mmoja wa Tokyo), uhifadhi wa ndege, taarifa ya benki, barua ya kazini au leseni ya biashara. Kwa ajili ya kijana weka cheti cha kuzaliwa, kwa ajili yenu cheti cha ndoa. Viza ya kuingia mara moja inatumika ndani ya miezi 3 tangu itolewe, kwa hiyo msiombe Oktoba kwa safari ya mwisho wa Februari. Mapema Januari ni salama: kama hakuna shida, kwa kawaida inatoka ndani ya siku tano za kazi, lakini ninyi mjipe wiki nne. Chumba cha Tsugaike lakini kihifadhiwe hata miezi sita kabla, kwa masharti ya kughairi bure. Kabla ya kuruka jazeni fomu za uhamiaji na forodha kwenye Visit Japan Web, mpate misimbo ya kuonyesha uwanjani.

Laleni Dar usiku mmoja kabla. Ndege ya Mwanza ikichelewa na tiketi ni mbili tofauti, ndege ya nje haiwasubiri. Mkipitia Dubai kuna Ski Dubai, uwanja wa theluji ndani ya jengo, njia yake ndefu kabisa mita 400, unaweza kumalizia hofu ya kwanza hapo. Ila kutoka nje ya uwanja wa ndege kunahitaji viza ya Emirati. Isiwe wazo la dakika ya mwisho.

Dawa, hapa muwe makini. Japani inakataa kabisa dawa zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10, na hizo ziko kwenye vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwetu bila cheti. Dawa ya kikohozi yenye codeine zaidi ya asilimia 1 inahesabiwa dawa ya kulevya. Someni nyuma ya boksi. Dawa za daktari, mwisho mwezi mmoja. Mkizidisha mnahitaji kibali kinachoitwa Yunyu Kakunin-sho kabla ya kusafiri.

Chakula cha kubeba: nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, hairuhusiwi bila cheti cha nchi na hamtakipata. Mchele na maharage navyo vinadai cheti cha afya ya mimea, na matunda mabichi mengi kutoka Afrika hayaruhusiwi kabisa. Dagaa wa Mwanza wakavu hawamo kwenye sheria hiyo ya nyama, lakini fikirieni jirani wa chumba cha pili.

Kuhusu nguruwe: supu ya rameni (tambi za Kijapani) mara nyingi ni mifupa ya nguruwe hata kama nyama haionekani, na kari ya kantini za mlimani mara nyingi ina mafuta yake. Mchuzi wa samaki wa kawaida hutiwa mirin, ambayo ina kilevi. Milimani migahawa ya halali ni michache. Chukueni chumba chenye jiko, nunueni samaki, mayai na mchele supamaketi kabla ya kupanda. Mlo wa mchana kwenye mlima ni yeni 1,200 hadi 2,000.

Hesabu ya mtu mzima mmoja, siku tano za theluji: pasi ya lifti kama yeni 8,000 kwa siku, 40,000. Kukodi skii, buti, fimbo na helmeti 6,500 kwa siku, 32,500. Masomo ya kundi siku tatu, 11,000 kila siku, 33,000. Usafiri Tokyo na kurudi 23,000. Chakula 4,000 kwa siku, 20,000. Jumla 148,500. Weka akiba ya robo juu yake. Siku ya kwanza msinunue pasi ya mlima mzima. Iko ya eneo la wanaoanza au ya saa chache, na siku hiyo hamtavuka lifti moja.

Yeni hapa mjini haipatikani kirahisi. Bebeni dola kidogo, na kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa nje. Mashine za 7-Eleven zinakubali kadi za kigeni. Umeme wao ni volti 100 na plagi ya pini mbili bapa. Chaja za simu ziko sawa, pasi ya nywele ya kwetu itakuwa vuguvugu tu.

Saa: wao wako mbele yetu saa sita. Raha yake ni kwamba saa yetu ya Kiswahili inafanana na saa yao ya ukutani. Mwanza ikiwa saa tatu asubuhi, saa ya Tokyo inaonyesha 3, ya alasiri. Kupiga simu nyumbani hamhitaji kuhesabu.

Mtelezo

Bima. Dada kasahau, nami nilisahau. Bima nyingi za safari zinatoa skii nje ya orodha, ipo kwa maandishi madogo. Nunueni ile inayotaja michezo ya theluji kwa jina, na msome inasemaje kuhusu kutoka nje ya njia zilizowekwa alama. Ukivuka kamba ukapotea, gharama za waokoaji unaweza kudaiwa mwenyewe, na walinzi wanaruhusiwa kukata pasi yako. Chini ya miti yenye matawi ya chini kuna mashimo ya theluji laini kuzunguka shina. Mtu akianguka humo kichwa chini hatoki bila kuvutwa. Kijana na ubao wake asiingie mitini, hata kama ameona watoto wenzake wanaingia.

Nyakato77

Mmenimaliza wakuu. Swali la mwisho, la mama: ana rasta nene na juu yake hijabu. Helmeti itaingia?

Kabari

Itaingia akijipanga, shemeji. Asisuke juu ya utosi wala asifunge fundo nyuma. Nywele zishuke bapa, zifungwe chini kabisa shingoni. Badala ya hijabu ya kitambaa, avae ile soksi ya kichwa ya sintetiki inayofunika shingo na nywele, nyembamba, bila mshono mnene juu ya masikio. Halafu ndipo apime mzunguko wa kichwa, sentimita mbili juu ya nyusi, akiwa amevaa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo namba ya kuipa duka, siyo ya kichwa kitupu. Akivaa, afungue mkanda wa kidevu, atikise kichwa mbele na nyuma: helmeti ikihama peke yake bila ngozi ya paji kuhama nayo, ni kubwa. Akisikia maumivu sehemu moja baada ya dakika tano, ni rasta moja imekaa chini yake. Ahamishe rasta, asibadilishe helmeti.